Suti ya Buluu ya Mwatima

Mimi Mwanahija sijui kupamba maneno. Mwatima tulimmaliza sisi wenyewe, na niliyeanza ni mimi.

Mwaka tisini na saba tulikuwa Waunguja wachache hapa Guangzhou, tumepanga vyumba karibu na stesheni ya Liuhua. Nyumbani nilisomesha historia. Huku nanunua viatu. Mwatima alikuja na mumewe, Mbarak, mfanyabiashara wa mikoba. Mwanamke wa buibui na mtandio, mpole mpaka unakereka. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakujaaliwa mtoto. Mbarak alikuwa na mtoto wa kiume kwa mke wa pili, Swalha, aliyebaki Dar es Salaam.

Siku moja Mbarak akamletea mkewe suti ya buluu, sketi ya magotini. "Malaoban wa Shiling wakiona buibui wanadhani tumekuja kuomba," akamwambia. Shiling ndiko kwenye viwanda vya mikoba, na laoban ndiye bosi, hapa hakuna neno kubwa kuliko hilo. "Vua mtandio, ukae nami mezani, ujifunze lugha yao. Nifanyie hivyo mwaka mmoja, nitakuletea mtoto umlee. Atakuita mama."

Alinijia analia. "Mwalimu, nitakaaje kichwa wazi mbele ya wanaume?"

Na mimi na kiherehere changu nikafungua darasa. Nikamweleza habari za malkia wa Japani, zama zile nchi yake ilipokuwa ikijitia usasa. Mumewe na mawaziri walitaka Wazungu wawaheshimu. Basi yeye akaweka kimono kando, akavaa gauni la Kizungu, akazuru shule na hospitali, watu wakimtazama yeye wanaiona Japani mpya. Hakuzaa. Mtoto wa mfalme aliyezaliwa na suria akahesabiwa wake, na huyo ndiye aliyerithi kiti.

"Na yule suria?" Mwatima akauliza.

"Nani anamkumbuka suria, shoga yangu? Vaa!"

Nilijiona nimesema la maana kweli. Mimi mwenyewe mtandio sikuvua ng'o.

Basi akavaa. Hee, Mwatima huyu huyu! Kichina alikishika kutupita sote. Kila wiki yumo kwenye basi la Shiling, anakaa wima kitini, anawaacha wanaume wabishane, kisha anasema neno moja na laoban analegea. Tukamwita Malkia. Mtu akiugua, Malkia ampeleke hospitali. Viza ikigoma, Malkia akaombe. Akitupa mgongo tu, tunamsengenya: kichwa wazi, aibu hana! Nami nilikuwa na mdomo kuliko wote.

Chini ya kitanda aliweka boksi la vishati vya mtoto, alivyonunua soko la Shahe kimoja kimoja. Kila miezi michache alinunua saizi kubwa zaidi, maana mtoto hangoji.

Mwaka ulipotimia, Mbarak alimleta mtoto. Swalha naye akaja, buibui jipya, macho chini. Mwatima akaingia na boksi lake kifuani. Mbarak hakumpa nafasi ya kulitua.

"Mwanangu halelewi na mwanamke anayekaa kichwa wazi na wanaume," akasema mbele yetu sote. "Waulize hawa kama nasema uongo."

"Si wewe uliyenivua?"

"Na wewe ukavua."

Mwatima akanitazama mimi, mwalimu wake. La kusema nilikuwa nalo, Wallahi, nilikuwa nalo lote! Nikainama kuangalia viatu vyangu.

"Kesho mchana tuna chakula Shiling," Mbarak akaendelea. "Vaa ile ya buluu. Swalha hajui lugha."

Alivaa. Nami nilikuwepo, nilialikwa, nikaenda. Mezani laoban akambeba mtoto, akauliza kwa Kichina mama yake ni nani. Mpaka siku hiyo alimjua mke mmoja tu wa Mbarak.

Mwatima akamwonyesha Swalha. "Huyu ndiye mke wake," akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi natafsiri."

Laoban akakohoa, akamimina chai. Mbarak, ambaye Kichina chake kiliishia kwenye salamu, akataka kujua wamesema nini.

"Kasema mtoto mzuri," Mwatima akamjibu. Kisha akavuta sahani ya mtoto, akamchambulia samaki, mwiba mmoja mmoja, mpaka Swalha aliponyoosha mkono kuichukua.