Mashahidi Watatu wa Mama

Katika yote niliyojaribu kufundisha kwenye darasa letu la mabati hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ni kimoja tu kilichowaingia watu kichwani, na hicho hicho ndicho ninachotamani wangekisahau.

Kazi yangu ni kuwafundisha watu kutafuta habari kwenye mtandao na kutambua ipi ya kuaminiwa. Wengi ni Wakongo wa Kivu ya Kusini kama mimi, wengine Warundi. Tuna kompyuta chache zilizochoka, sola inayotegemea huruma ya mawingu, na mtandao unaokuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Karibu kila mmoja huja na simu yake, na ndani ya simu hiyo kuna makundi ya kanisa, ya ukoo, ya watu wa kijiji kimoja waliotawanyika nchi za mbali. Humo ndimo habari zinamopita: nani atapelekwa Kanada, mgao wa chakula utapunguzwa lini, jani gani linatibu nini. Mtu akipokea habari huituma kwa wenzake kabla hajamaliza kuisoma. Kwetu kutuma ni kupenda. Kukaa na habari peke yako ni uchoyo, ni kula huku umefunga mlango.

Mwanzoni nilifundisha kama nilivyofundishwa: angalia nani kaandika, kaandika lini, anataka nini kwako. Walinitazama kwa ile heshima anayopewa mhubiri mgeni ambaye hakuna anayemwelewa. Hasira zangu haziko mbali, na siku moja nilitupa chaki chini nikawauliza kama wanakuja darasani kuchaji simu tu. Baadhi walicheka, kwa sababu ni kweli walikuwa wanakuja kuchaji simu. Ndipo katekista mmoja Mrundi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akainua mkono.

“Mwalimu, hii si ni kama vile tunafanyaka ku kanisa? Mutu haukumiwake na mushahidi moja. Wazee banatafuta batatu.”

Darasa zima likaitikia eee. Nami nikashukuru Mungu, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MASHAHIDI WATATU. Tangu siku hiyo hakuna aliyelala darasani. Wakipata habari, wanatafuta mahali pengine pawili panaposema vivyo hivyo, kisha wananiletea kwa furaha kama watu waliovua samaki.

Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote alikuwa mama yangu mzazi. Alikaa benchi la nyuma, simu ameiweka kwenye mapaja juu ya kitenge, miwani puani. Akiwa darasani aliniita mwalimu, tena kwa kuvuta neno ili wenzake wacheke. Nyumbani aliniita mwanangu na kunituma maji. Alikuwa na kisukari kwa miaka, kisukari cha sindano, na dawa yake tuliihifadhi kwa njia ya watu wasio na friji: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji. Kila asubuhi alimwagia mchanga maji, kisha akajichoma sindano tumboni huku akiimba polepole.

Siku niliyogundua kwamba ameacha sindano, niliukuta mchanga umekauka. Nikafunua chungu. Chupa zote zilikuwa zimejaa, na juu ya jiko sufuria ilikuwa inachemsha majani ya mubirizi, yale machungu ambayo hata mbuzi huyakwepa.

“Uchungu inafukuza sukari,” Mama akaniambia bila wasiwasi. “Jambo la wazi hivi, dokta hawakuliona.”

“Nani amekwambia?”

“Umefundisha bashahidi batatu. Niko nabo.” Akafuta simu kwa kitenge, akanionyesha mmoja mmoja kama mtu anayepanga nyanya sokoni. “Huyu wa Bujumbura. Huyu wa Kigoma. Huyu wa Zambia. Bote banasema sukari iliisha.”

Nilitazama nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Ilikuwa picha ile ile. Mwanamke mnene, kitambaa cha kijani kichwani, kovu dogo shavuni, anatabasamu na glasi mkononi. Jina tofauti, mji tofauti, mwanamke ni yule yule.

“Mama, ni mutu moja! Angalia kitambaa. Angalia hii kovu. Mutu moja anaweza kuwa wa fasi tatu, wa miji tatu?”

“Juu ya nini hawezi?” Mama hakupandisha hata sauti. “Miye nilizaliwa Uvira. Nikakimbilia Bujumbura. Leo niko Nakivale. Ukitafuta picha zangu utanikuta fasi zote tatu na kitambaa kile kile, juu sina ingine. Huyu mama ametembea tu, mwanangu. Kama sisi.”

Na jina? Hata kwa jina alikuwa na jibu. Ni mkimbizi gani ambaye hajawahi kuandikwa jina lisilo lake? Vitabu ninavyofundishia vimeandikwa na watu waliozaliwa na kuzeeka kwenye nyumba moja. Kwao, uso mmoja ukionekana katika miji mitatu, huo ni uongo. Sisi tunaishi hivyo.

Nilimwonyesha kurasa za madaktari. Akasema hao wote ni shahidi mmoja, maana wote ni madaktari. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Nilipiga magoti, mtu mzima kama mimi, nikamshika miguu. Mama alinipapasa kichwa akaniambia nisilie, kwamba amechoka kutobolewa, kwamba dawa ikikosekana kwenye kituo cha afya nisidhani yeye haoni ninavyohangaika kuitafuta, na kwamba Mungu sasa ametupumzisha sisi wote wawili. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alikuwa anayanywa yale majani kwa ajili yangu.

Nikamwendea mama wa kwaya, kwa kuwa ndiye aliyempelekea ile habari. Ni mwanamke mwema, alitupokea siku tulipofika hapa bila hata blanketi. Alinipa kiti, akanipa chai.

“Habari hii ulipata wapi, Mama?”

“Kwa dada yangu ku Burundi.”

“Na yeye?”

Akanitazama kwa huzuni. “Mwanangu, ushuhuda inaombwaka kitambulisho?”

Kanisani kwetu mtu akisimama kushuhudia, wengine hujibu amina. Hakuna anayeuliza swali. Ukiuliza, umemtemea mate usoni aliyeshuhudia, na Mungu aliyemponya pia umemgusa. Nililijua hilo tangu utotoni, nikauliza hata hivyo. Nilimwomba angalau amwambie Mama aendelee na majani yake lakini airudie pia sindano. Aliahidi kuliweka katika maombi.

Jumapili iliyofuata Mama mwenyewe alisimama mbele. Alisema ameweka sindano chini na bado amesimama kwa miguu yake. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika nguzo, na niliona jinsi alivyokonda shingoni. Niliona pia simu zilizoinuliwa zinarekodi.

Siku chache baadaye nilikuwa darasani nasahihisha zoezi. Mwanafunzi mmoja, msichana wa Kirundi anayejituma, aliniletea kazi yake kuhusu dawa za asili. Mashahidi wawili alikwisha kuwapata. Akaweka simu sikioni pangu ili nimsikie wa tatu.

“Huyu niko na hakika naye, Mwalimu. Anaishi hapa hapa Nakivale.”

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Mama alikuwa amekwenda nyumbani mapema siku hiyo, alisema kichwa kinamzunguka. Nilimwambia yule msichana akae, nikatoka nje nyuma ya darasa, nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Mama alikuwa amekuwa shahidi wa watu wengine. Kulikuwa na nyumba mahali fulani, Burundi au Zambia, ambako mtu alikuwa anafunika chungu cha dawa kwa sababu yake.

Watu walianza kunitania kwamba mganga hajigangi. Wengine walisema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo siipendi hata kidogo. Anayeitoa huwa ameshajiandaa kwenda mazishini.

Kilichomwangusha Mama kilikuwa jembe. Alijikwaa nalo shambani, likamkata kidole cha mguu, na kwa kuwa mguu ulikuwa umekufa ganzi hakuhisi. Kidonda alikifunga kwa kitambaa, akakificha chini ya kitenge. Nilikijua kwa harufu. Pumzi yake nayo ilinuka ndizi zilizosahauliwa kapuni. Nilipomwita asubuhi akaniitikia kwa jina la dada yake aliyefia Uvira.

Muuguzi wa kituo cha afya, Mganda, alifungua kile kitambaa na kukifunga tena haraka. “Nyinyi nangoja nini nyumbani?” alinifokea. “Huyu nakwenda Mbarara saa hii. Hapa hapana weza.”

Nilimpakata Mama kichwa njia nzima. Tulipita Kabingo, migomba kulia na kushoto, watu wanapakia ndizi kwenye malori kama kawaida, na nakumbuka niliwachukia kwa jinsi siku yao ilivyokuwa ya kawaida.

Hospitalini Mbarara walimrudisha Mama kwa sindano na maji ya mishipani. Baada ya siku kadhaa akanitambua. Lakini mguu ulikuwa umekwenda. Daktari, kijana mpole aliyechanganya Kiswahili na Kiingereza, alinieleza kwamba lazima ukatwe chini ya goti, tena haraka, la sivyo uozo utapanda na hatutakuwa na mgonjwa wa kumzungumzia. Alihitaji Mama akubali mwenyewe, kwa kuwa akili zake zilikuwa zimerudi.

Mama alikataa. Alikuwa mkulima. Alisema bila mguu atalima na nini, na mtu aliyekimbia maisha yake yote akikatwa mguu ni kuambiwa angoje tu. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

“Mwanangu, weye njo mwalimu, weye njo unajuaka kutafuta. Tafuta fasi moja tu yenye inasema mguu hii inapona. Batatu acha. Moja tu. Ukipata, tutarudi nyumbani. Ukikosa, nitabaachia bakate.”

Nikatoka. Kwenye veranda walikaa wauguzaji wa wagonjwa wengine na mikeka yao, mabeseni, birika za chai, nguo zilizoanikwa kwenye ukoka. Nikakaa karibu na ukuta, nikafungua simu.

Kurasa za kwanza zilikuwa zote zile ninazowaambia wanafunzi wangu waziamini. Majina ya walioandika yapo, tarehe zipo, kazi zao zinajulikana. Zote zilisema alichosema daktari. Nilizipita. Nikabadilisha maneno. Nikaenda ukurasa wa pili, na wa tatu. Nikaandika “bila kukatwa”. Nikaandika “majani”. Mwisho nikaandika neno ambalo darasani nimewakataza kulitumia, nikaandika “ushuhuda”.

Akatokea. Kitambaa cha kijani, kovu shavuni, glasi mkononi. Safari hii alikuwa na jina jipya, anaishi Msumbiji, na kilichopona si sukari tena, ni mguu. Madaktari walikwisha kutaka kuukata, maandishi yalisema, akanywa, leo anatembea.

Nilimjua mwanamke yule. Nilijua ni uongo kama ninavyojua jina langu. Na bado nilikaa pale nikisoma mstari kwa mstari, nikaikuza picha ili nione miguu yake, haikuonekana, nikajiambia: labda ametembea. Labda ni kweli ametembea tu, kama sisi. Nilitaka iwe kweli kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Mwanamke aliyekuwa akipepea mkaa karibu yangu aliniuliza kama nimepata habari njema, kwa jinsi nilivyoikumbatia simu.

Nikafuta yote niliyoyatafuta. Nikanawa uso kwenye bomba, nikarudi ndani. Daktari alikuwa amesimama upande wa miguu, fomu mkononi, muuguzi ameshika kidau cha wino. Mama alinitazama mimi peke yangu.

“Umepata?”

“Hapana, Mama.”

“Ata moja?”

“Ata moja. Nimetafuta fasi zote. Hakuna.”

Nilingoja aniombe simu. Nilijua atafungua wapi, mimi ndiye niliyemfundisha, na mwanamke yule alikuwa anamngoja mle ndani na glasi yake. Mama akaegemeza kichwa kwenye mto.

“Kama njo weye unasema,” akasema, “basi njo vile.”

Hakuuliza nani ameandika, wala lini, wala mashahidi wangapi. Alinyoosha kidole gumba, muuguzi akakipaka wino.