Walii Wetu Yuko Misri

Wazazi wetu walipofariki nilitolewa shule, nikabaki Likoni kuwalea ndugu zangu wawili, mvulana na binti mdogo. Kwa vitumbua nilivyowauzia watu wa feri, yule mvulana alisoma mpaka akaajiriwa na gazeti moja la Kiswahili kisiwani. Alichokiandika alinisomea kwanza, nami nimechutama mbele ya kikaango. Nikianza kukoroga unga, alijua pale pamerefuka, akapafupisha.

Kisha akaandika habari za makuli wa bandarini, jinsi walivyolazwa chumbani wamebanana kama magunia. Siku zile za mkoloni hayo yalitosha. Makachero wakaanza kuuliza nyumba yetu ni ipi. Alivuka kwenda Tanganyika juu ya lori la nazi, akaniambia, "Dada, usitoe kitanda changu. Sikawii." Tulipopata habari zake tena, alikuwa Misri.

Aliyetuunganisha naye ni jirani yetu, baharia wa meli za mizigo. Ndugu yangu alikaa mji wa bandari, kwa hiyo meli ikitia nanga walionana. Mwanzo baharia alituletea gazeti dogo la watu waliokimbia makwao, jina la ndugu yangu likiwa ukurasa wa mbele. Baadaye jina likahamia ndani, chini ya habari za mpira. Kisha gazeti lenyewe likafa. Baharia alisema sasa yumo katika kiwanda cha chapa, anasahihisha matangazo ya meli.

"Meli zinazokuja huku?" nikamuuliza.

"Zote, mwanangu. Huku na kwingine."

Ndipo posa ya mdogo wangu ilipokuja. Kijana alikuwa wa Mtongwe, fundi seremala, na mdogo wangu alimtaka. Lakini binti huozwa na walii wake, na baba yetu hakuacha ndugu wala jamaa wa kuumeni. Walii alikuwa ndugu yetu peke yake. Ilitosha amtaje mtu hapa awe wakili wake, mbele ya mashahidi. Nikamtuma baharia akamwombe neno hilo.

Alirudi akakaa kibarazani, akanywa kahawa kwanza.

"Amekataa," akasema. "Anasema dada yake ataozwa kwa mkono wake mwenyewe. Mngojeni."

Nilimwelewa. Kila kitu kingine alikuwa amekwisha kuwaachia wengine, na hili likawa limebaki. Angemtaja wakili, angekuwa amekiri kwamba harudi.

Tukamngoja. Ami yake bwana harusi alikuja kila baada ya muda, akabisha hodi kwa adabu zote, akaketi.

"Mwanangu, huyo walii wenu anakuja kwa miguu?"

"Atakuja, inshallah."

"Inshallah. Ila kijana wangu ataingia kwa mkewe na mvi. Na mimi nimeposa mke, sikuposa meli."

Mdogo wangu alicheka nyuma ya pazia. Mara ya mwisho ami alipokuja hakufanya mzaha. Alisema kuna nyumba nyingine Mtongwe yenye binti, na kwamba kwa kadhi kuna njia: walii akiwa mbali na haji, kadhi huoza badala yake. Pazia likatulia. Nilipoingia ndani nilimkuta amekaa sakafuni, amejifunika leso usoni. Hakuniomba chochote. Siku zote alikuwa ananiachia mimi niamue.

Nikaenda kwa kadhi na mashahidi wawili. Akaniuliza nduguyo yuko wapi, nikamwambia.

"Neno lake lafika?"

"Limefika, Sheikh. Amekataa kutaja wakili."

"Na kuja?"

Nilitaka kusema inshallah. Wale mashahidi walikuwa wananitazama, na mmoja wao alimfundisha ndugu yangu alifu na be.

"Haji," nikasema.

Kadhi akamwozesha. Arusi ilikuwa ndogo na nzuri.

Uhuru ulipokuja, waliokimbia walianza kurudi mmojammoja. Nilifua chandarua cha ndugu yangu nikakitundika. Nikifika ferini na sinia langu nilitazama nyuso za wanaoshuka. Mwishowe aliyeshuka ni baharia.

"Nimemwambia nchi imekuwa yetu," akasema. "Akaniuliza habari za mdogo wenu. Nikamwambia ameolewa, ana mimba. Akauliza nani aliyemwozesha."

"Ukamwambia?"

"Ningemficha vipi? Nikamwambia kadhi. Wallahi hakukasirika. Alisema, 'Basi walikwisha kuacha kuningoja.' Akarudi kwenye karatasi zake."

Watu walikuwa wanatupita na mizigo. Nikampa vitumbua, akakataa kwanza, kisha akapokea.

"Mwambie kitanda chake kipo," nikasema.

"Nilimwambia, mwanangu."

"Mwambie tena."

Alimwambia tena, na safari iliyofuata pia. Kisha meli yake ikabadilishiwa njia, ikawa yaenda Bombay.