Magadi na Ndimu kwenye Jiko la Mama

Enzi zetu pale Bariadi, jiko la gesi lilikuwa kitu cha kwenda kutazama. Nyie mnaowasha huku mnachati hamwezi kuelewa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa vitu. Baba aliuza pamba yake vizuri, akaenda Mwanza, akarudi na jiko la vichwa viwili juu ya keria ya basi. Hakulileta kwa maringo. Mama alikuwa anapoteza macho kwa moshi wa kuni, na daktari alishamwonya, "Mama, ukiendelea kupuliza mafiga utakuwa kipofu."

Jamani, ule moto! Buluu, umetulia, hauna moshi wala majivu. Jirani yetu Mama Kulwa alikuja kuuona, akashika mdomo: "Mayu wane, mama yangu! Moto gani huu usiokula kuni?" Sisi watoto tulisimama mlangoni kimya kama tuko kanisani.

Ila sisi Wasukuma na samli tena! Kila chakula samli, na maziwa yakichemka yanafurika. Haikupita muda, vitundu vya kutolea moto vikaziba kwa mafuta. Moto ukawa wa njano, ukatoa masizi, halafu ukagoma kabisa. Fundi wa gesi hapakuwa na hata mmoja. "Limekufa hilo," Mama Kulwa alisema kwa huruma. Mama akatoka nje kuyatazama mafiga yake ya zamani, akarudi machozi yakimlengalenga. Niliogopa sana siku ile, kwamba moshi utayamaliza macho yake.

Asubuhi akafunga mtungi, akavichomoa vile vichwa, akavitumbukiza kwenye maji ya moto yenye magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Likatoka povu la kahawia linalonuka mafuta ya zamani. Akasugua kwa ndimu na majivu, akazibua kila kitundu kwa mwiba, akavianika juani hadi vikakauka kabisa. "Uchafu wa jikoni unatolewa na vya jikoni," alisema, wala hakutuangalia.

Akawasha. Buluu, duara zima! Mama Kulwa akapiga vigelegele. Mama akakaa chini akalia.

Siku hizi jiko likiziba vijana wanatupa, wananunua jingine, na chakula chenyewe wanaagiza chipsi. Siwalaumu. Ila simwoni anayesimama mbele ya moto ule akaushangaa. Mama amezeeka sasa, na wajukuu wakiingia mlangoni anawataja majina mmoja mmoja kwa kuwaona tu, kabla hawajafungua mdomo.