Walikuja kutuuliza kuhusu kichinjio siku ya Sabato

Wakuu, habari zenu. Haya niliyaona mwenyewe, siongezi chumvi. Kaunti sitaitaja. Naishi karibu na Keroka, na mpaka wa kaunti mbili uko hapo hapo, kwa hivyo kisieni.

Kijiji chetu kina chemchemi moja tu. Sote tunachota hapo, na mama yangu huifagia njia yake kama ua wa nyumba.

Mwaka huu tukasikia kaunti inataka kujenga kichinjio juu yake kidogo. Sasa ile damu ingeteremkia wapi?

Tukangoja kuitwa tutoe maoni. Kimya. Mara ripoti ya kamati kuhusu kichinjio ikawa imeshafika bunge la kaunti.

Mama akasema twende tukasikie wenyewe. Getini askari akauliza tumetumwa na nani. Nikamwambia vikao viko wazi kwa umma. Akatuangalia weee, halafu akaandika namba yangu ya simu na kutupa beji. (Wengi huwa wanaishia hapo getini.)

Kwenye viti vya wananchi sheria ni moja: unasikiliza, huongei.

Mwenyekiti wa kamati akasoma kwamba wakazi waliitwa Jumamosi asubuhi na hakuna aliyepinga.

Nilichemka. Karibu kijiji kizima ni Wasabato, ukitoa nyumba chache za Wakatoliki. Kumbe tangazo lilibandikwa kwa chifu Ijumaa alasiri, watu wakiwa jikoni wanapika chakula cha Sabato.

Mama akasimama.

"Waheshimiwa, Jumamosi tulikuwa kanisani. Mlikuja kuuliza milango."

Tukatolewa nje. Lakini tukiwa mlangoni tukasikia MCA mmoja, mwakilishi wa wadi, akiomba ripoti irudishwe na wananchi waulizwe upya.

Baadaye karani wa bunge akanipigia: je, Jumapili inawafaa? Nilifurahi, karibu niseme ndiyo. Siku hiyo sisi Wasabato wote tuko nyumbani.

Mama akaomba simu.

"Mwanangu, Jumapili majirani zangu wako misa. Na wao wanakunywa hayo maji."

Niliona aibu kidogo, sitaficha. Kikao kikawekwa Jumatano, uwanja ukajaa, na kichinjio kikatafutiwa mahali pengine.

Nilichojifunza: mlango unaweza kuwa wazi kisheria na bado wewe ukafungiwa nje na kalenda. Na ukishaingia, angalia ni nani amebaki nje.

Huko kwenu wanawaita siku gani, na mnaambiwa mapema? Semeni hapa chini, nasoma zote. Isipokuwa Jumamosi.