Jeneza la Kuvukia Barabara

Ndugu zangu, mtaa wetu uliwahi kuzika kila asubuhi, Jumapili tu ndiyo tulipumzika, na hakuna mtu hata mmoja aliyekufa.

Najua unasema huyu mzee kashaanza. Sawa. Nasifika kwa kutia chumvi, sikatai. Ila hii ina mashahidi, na mmoja wao anaitwa Marehemu.

Tulia, nitakufikisha.

Mimi ni seremala mstaafu. Ufundi nilijifundisha mwenyewe, kwa kuvunja vitu vya nyumbani na kuvirudishia kabla wenyewe hawajarudi. Naishi na mke wangu kando ya barabara kuu. Ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango, anakaa pacha wake.

Zamani barabara ile ilikuwa nyembamba. Mke wangu akiunguza vitunguu, dada yake anampigia kelele kutoka kule apunguze moto.

Kisha wakaja kuipanua. Njia ya miguu ikaliwa. Ya baiskeli haikuwahi hata kuzaliwa. Kituo cha basi kikaenda upande wa pili, soko upande wa pili, zahanati upande wa pili. Sisi tukaachiwa vumbi na honi.

Wa kwanza kuionja barabara mpya alikuwa muuza mikate wetu, aliyekuwa akizungusha mikate kwa baiskeli. Lori likampitia. Daktari akakata tamaa, ndugu zake wakaniagiza jeneza mapema wasije wakahangaika. Nikalipiga msasa, nikalipaka vanishi, likawaka.

Siku ya kuja kulichukua, jamaa akafumbua macho akaomba chai.

Tangu hapo mtaa mzima unamwita Marehemu, na anaitika. Jeneza likabaki kwangu. Kuku wakalipenda, wakawa wanatagia humo.

Mke wangu naye ana magoti mabovu. Akaacha kuvuka. Akawa anakaa barazani kwake, pacha wake barazani kwake, wanapungiana mikono kati ya lori na lori. Simu walikuwa nazo, lakini alisema simu haina bega la kuegemea.

Nikaenda kwa injinia wa barabara. Kijana mwenye adabu, shati limenyooka. Nikamwomba tuta na mistari ya pundamilia ya kuvukia. Akanieleza kwa upole kwamba watu wake walikuja wakakaa pale kutwa nzima, na hawakuona anayevuka. Kivuko huwekwa palipo na wavukaji.

"Mwanangu," nikamwambia, "hawavuki kwa sababu wanagongwa. Unataka wagongwe wangapi ndipo uamini walikuwa wanataka kuvuka?"

Akasema daraja la juu lipo.

Lipo kweli. Mbali huko, na ngazi zake utadhani unakwenda kuripoti mbinguni.

Nikatoka pale nimefura. Nikasimama kando ya barabara na fimbo yangu, nikainua mkono. Hakuna aliyepunguza mwendo. Mmoja alinipigia honi kana kwamba nimeingia chumbani kwake bila hodi.

Ndipo ukapita msiba. Msiba wa kweli, wa mtaa wa juu. Watu wachache, jeneza mabegani.

Lori likasimama. Basi likasimama. Dereva wa bodaboda akavua helmeti. Barabara yote ikanyamaza mpaka nikasikia ndege.

Nikaelewa. Hapa aliye hai hapishwi. Anapishwa maiti.

Nikarudi nyumbani nikawafukuza kuku.

Asubuhi iliyofuata tukatoka. Mbele ya jeneza mimi na Marehemu, nyuma vijana wawili wa gereji. Tukafuatwa na wanafunzi na mabegi yao, akina mama wa sokoni na vikapu, watu wa kuwahi basi, na wenye baiskeli wakizikokota. Vichwa vyote chini. Kazi ya kulia tulimpa Marehemu, na alilia vizuri mno, maana alikuwa akijililia mwenyewe.

Malori yakasimama. Tukavuka. Upande wa pili kila mtu akafuta machozi akashika njia yake. Jioni tukazikana tena kurudi.

Mtaa ukanoga. Majirani wakawa wanaulizana wewe unakwenda na msiba wa saa ngapi. Uvumi ukazagaa kwamba kwetu kumeingia ugonjwa, wapangaji wakagoma kuhamia. Dereva mmoja wa basi, mtu wa makamo, aliteremka akanikumbatia, akaniambia nijikaze kiume, hata kama ukoo wangu unakwisha.

Aliyenuna ni mke wangu peke yake. Alisema mzee mzima nacheza na kifo, siku kikiniitikia nisije kumlilia yeye. Nikamwambia basi afuatane nasi, akamwone dada yake. Akasema msiba wetu unakimbia, na huruma ya madereva ni fupi kuliko magoti yake.

Nikashika fimbo yangu nikatoka nje.

Wiki moja pacha wake hakuonekana barazani. Mke wangu akapiga simu. Sauti iliyojibu ilikuwa ya homa, nyembamba kama uzi.

Akapika supu. Akaitia kwenye hotpoti, akakaa nayo mapajani anaitazama barabara. Nikamwambia nimwitie bodaboda, izunguke kule mbali igeuze. Akanigeukia.

"Nipande chombo kwenda kwa mtu ninayemwona kutoka kitandani kwangu? Sipandi. Nitavuka hapa hapa kwangu."

Nikajitolea kuipeleka supu mimi. Akanitazama kama anayejua nusu ingeishia njiani.

Kesho yake asubuhi aliniambia hataki kuniona na sanduku langu, nitoke. Nikatoka kinyonge, nikajificha kwa kinyozi. Niliporudi nikakuta wenzangu wameshalitoa jeneza getini, wananingoja mimi tu.

Tukanyanyua. Mama yangu, zito.

Nikamnong'oneza Marehemu kama wametia mchanga. Akanijibu kwamba maiti wa leo ameshiba. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nikawa nasikia harufu ya pilipili manga, nikadhani ni njaa, maana sikuwa nimekunywa chai.

Tulipofika katikati ya barabara, mlango wa gari jeupe ukafunguliwa. Injinia. Misiba yetu ilikuwa imemkwamisha mara nyingi kiasi kwamba uso wangu alishaukariri. Safari hii alikuja na trafiki.

"Mzee, leo amekufa nani?"

"Mtu wangu wa karibu," nikamwambia.

"Hata juzi ulisema hivyo. Fungua."

Watu wakatoa simu. Mimi nilijua humo ndani hamna maiti, labda mchanga na manyoya ya kuku, lakini sikurudi nyuma. Tukalishusha chini. Nikamwambia kama anataka kufungua sanduku la msiba hadharani, mkono uwe wake.

Akafungua.

Mke wangu akainuka akakaa. Manyoya kichwani, hotpoti mapajani, supu bado inatoa mvuke.

Trafiki alimwita mama yake. Mimi mwenyewe nilikaribia kuchukua nafasi humo ndani.

"Sijafa," akasema mke wangu. "Navuka barabara. Nampelekea dada yangu supu."

Injinia alimeza mate mpaka tukayasikia yanashuka. Kisha, maskini, akasema tena lile neno lake la daraja.

"Haya, nibebe mpaka huko," akamwambia. "Au nibebe mpaka pale mlangoni, ni karibu zaidi. Kutoka humu sitoki."

Trafiki akanigeukia mimi, akasema nimezuia magari, ataniweka ndani. Nikamnyooshea mikono yote miwili. Kabla hajaishika, akina mama wa sokoni wakaweka vikapu chini na wakaketi juu ya lami. Wenye baiskeli wakazilaza. Yule dereva wa basi aliyenikumbatia akazima injini, akatoa kichwa dirishani.

"Nimewalilia ninyi misiba yote hii, kumbe," akasema. "Sasa huyu mama asipofika, mimi siwashi."

Na nyuma yake, mmoja mmoja, injini zikazimwa.

Injinia alitazama huku, akatazama kule. Mahali pasipo na wavukaji palikuwa pamejaa watu. Akakunja mikono ya shati lake. Nikamwachia pembe yangu ya jeneza, nikamwonyesha pa kuweka bega.

Walipomnyanyua, sauti ikatoka ndani:

"Na uandike, baba. Leo amevuka mmoja. Tena amekaa."

Pacha wake aliona jeneza linaelekea mlangoni kwake na dada yake yumo ndani anampungia mkono. Homa ilimruka. Alitoka mbio na shuka begani, akampiga kofi moja, kisha akamkumbatia mpaka nikaiokoa hotpoti.

Nusu haikuishia njiani. Kidogo tu.

Video zilisambaa kuliko uvumi wa ugonjwa. Haikupita muda wakaja na rangi nyeupe na kokoto. Tukapata tuta, tukapata pundamilia, na Marehemu akapata njia ya baiskeli. Injinia alisimamia mwenyewe. Nasikia bega bado linamuuma, na sijamtumia dawa.

Siku hizi mke wangu huvuka kwa mwendo wa magoti yake, polepole kabisa, na akifika katikati husimama makusudi kupanga mtandio. Malori yanangoja.

Na jeneza?

Nililipasua kwa msumeno, nikalipiga miguu, nikaliweka kituo cha basi. Kama umewahi kusubiri basi kwenye benchi moja pana, lenye vanishi nzuri na vishikio vya shaba pembeni ambavyo hukuelewa vya nini, basi pole. Ulikaa kwenye msiba wetu.

Funzo ni moja tu, na sitalizungusha. Usingoje ufe ndipo upishwe. Ingia barabarani ukiwa hai, uingie na wenzako, na mkiambiwa hapa hapavukwi, kaeni hapo hapo katikati mpaka waje kuwahesabu.