Tyubu Mbili za Bwana Mkubwa

Watu husema muda hupoza hasira. Yangu haikupoa, na sijutii.

Miaka ile ya sabini nilikuwa msichana wa maabara katika kliniki ndogo ya binafsi mjini Arua, nyuma ya soko. Kliniki yenyewe haipo tena. Tulikuwa wawili maabara: mimi, na mkuu wangu, mzee wa Logiri ambaye kila mtu alimwita Bwana Mkubwa. Mimi ni mtu wa Koboko, wa hao ambao babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudani wakabaki. Mama yangu alibaki Koboko na mbuzi wake, na maziwa yao ndiyo yaliyotulea.

Mama alianza kuumwa wakati wa mvua. Jioni homa, usiku jasho la kulowesha shuka, asubuhi mzima kabisa. Baadaye kiuno kikakaza. Akaja Arua, akapewa dawa ya malaria. Akaja tena moyo unamwenda mbio, akapewa dawa ya moyo. Akaja tumbo limevimba upande wa ini, akapewa dawa ya minyoo. Kila safari damu yake ilipimwa na Bwana Mkubwa kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na kipimo cha homa ya maziwa, ile ya bakteria iitwayo brusela. Kila safari jibu lilikuwa moja.

“Damu iko safi,” alimwambia. “Mama, wewe iko nazeeka tu.”

Na mama, miezi yote hiyo kumi na moja, hakwenda kwake mikono mitupu hata mara moja. Alibeba kibuyu cha maziwa yaliyokamuliwa alfajiri ileile. Bwana Mkubwa aliyanywa palepale, akafuta masharubu.

Mwisho mama akashindwa kusujudu. Hilo ndilo lililonivunja. Kuumwa nilikuwa nimezoea kumwona anaumwa, lakini siku niliyomkuta anaswali amekaa kwenye kigoda, anainamisha kichwa tu huku anaficha machozi, niliapa kujua kinachomla.

Sasa nieleze kosa. Brusela hupimwa kwa kuchanganya maji ya damu na dawa maalumu ndani ya safu ya tyubu kumi za kioo. Kila tyubu ina damu hafifu kuliko iliyotangulia, kwa sababu unaizimua kwa maji ya chumvi. Ugonjwa ukiwepo, chembe za ile dawa hushikana na kutua chini. Lakini dawa ile siku hizo ilikuwa adimu, ikiagizwa Kampala isije, hivyo Bwana Mkubwa alikuwa na desturi yake: tyubu mbili tu, za mwanzo. Zisiposhikana, damu safi, kazi imekwisha. Nilipouliza alinijibu, “Nani alifundisha wewe kazi? Mimi.”

Shuleni nilikuwa nimesikia kwamba damu iliyojaa ugonjwa kupita kiasi huweza kudanganya katika tyubu za mwanzo. Ukali wake wenyewe huzuia chembe kushikana mpaka uizimue. Kwa hiyo aliyeumwa kidogo alionekana mgonjwa, na aliyekuwa anakufa akaambiwa yuko safi.

Bwana Mkubwa alipokwenda maziko Logiri, nilimleta mama Arua, nikamtoa damu, nikaipanga katika tyubu kumi na kumaliza dawa yote iliyobaki. Kesho yake tyubu mbili za kwanza zilikuwa ukungu mtupu, hakuna kilichoshikana. Kuanzia ya tatu mpaka ya tisa, zilikuwa kama maziwa yaliyokatika. Nikakimbia nazo kwa daktari wa kliniki.

Alizitazama, akamshika mama ini, bandama na uti wa mgongo. “Kiuno, moyo, tumbo, hii yote ni kitu moja,” akasema. Akaandika sindano za streptomaisini na vidonge vya tetrasaiklini kwa wiki sita, na maziwa yachemshwe. Alitaka kumkemea Bwana Mkubwa. Nikamwomba aniachie mimi. Alidhani ni heshima.

Homa ilimwacha mama, na moyo ukatulia. Mgongo ulikuwa umekwisha kuharibika. Hakusujudu tena hadi tulipomzika.

Nyumbani alichemsha maziwa kama alivyoamriwa. Ya Bwana Mkubwa hakuyachemsha. “Ya kuchemsha ni ya mgonjwa,” aliniambia. “Mutu mkubwa tunapa maziwa ya leo.” Ningeweza kumweleza. Nilipokea kibuyu, nikakipeleka Arua, nikasimama kumtazama anakunywa. Mara mbili.

Huenda alikuwa ameambukizwa zamani na vibuyu vya kabla. Sikutafuta kujua. Moyoni nimechagua kuamini ni vile viwili.

Alipoanza kutoka jasho na kushika kiuno, dawa ilikuwa imeletwa tena. Alijipima mwenyewe. Tyubu mbili. “Iko safi,” akasema, akameza dawa ya malaria. Mimi nilikuwa naosha vioo. Mama alikaa miezi kumi na moja, kwa hiyo yeye nilimpa siku kumi na moja, na kila siku nilimsalimia vizuri na kumuuliza hali.

Siku ya kumi na mbili niliweka safu ya tyubu kumi mezani kwake. Alizisoma moja moja mpaka ya mwisho.

“Damu ya nani?”

“Yako. Nilichukua ile ulibakisha.”

“Na ile maziwa ya mama yako?”

“Wewe ulisema damu yake iko safi,” nikamjibu. “Basi maziwa pia iko safi.”

Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa daktari, na sindano zake za wiki sita nilimchoma mimi, bila upole.

Mama aliposikia Bwana Mkubwa anaumwa alisikitika sana. Akachemsha maziwa, akajaza kibuyu, akanituma: mpe pole, mwambie namwombea. Nilipofika Manibe, kabla ya kuingia Arua, nilikaa kando ya barabara nikayanywa yote mpaka tone la mwisho. Safari iliyofuata nilimrudishia mama kibuyu chake kitupu, nikamwambia Bwana Mkubwa anashukuru.