Panga la Nini Melini?

Wifi yangu Nereida hajui kufunga mzigo wa starehe. Mwambie kimbunga kinakuja, atafunga nyumba nzima hujamaliza kuvaa viatu. Mwambie anakwenda kula raha, atafunga vilevile. Ndiyo maana nilipofika kwao Cataño, hapa kisiwani kwetu, kumsaidia kupanga nguo za safari yetu ya meli ya starehe, nilikuta kitandani jiko dogo la gesi, mishumaa, tochi, turubai la bluu, makopo ya soseji, na panga.

"Wifi," nikamwambia, "panga la nini melini?"

"Mti ukianguka?"

"Mti gani, mwenzangu? Baharini?"

"Awilda, usinichoshe. Hata kile kimbunga kikubwa walisema kitapita pembeni."

Sasa hapo utamjibu nini? Amepika jikoni mwa shule mpaka akastaafu, amezoea kuwaza njaa za watoto wa watu kabla ya kuwaza yake. Kimbunga kilipotung'olea mapaa na umeme ukapotea miezi, ni yeye aliyetoka barabarani na jiko hilohilo na kibirika chake cha chuma, kile cha kahawa kinachofunguka katikati, akawa anaunywesha mtaa mzima. Hata mimi niliyekuwa nimemnunia tangu Krismasi nilikwenda na kikombe changu, tena sikuona haya. Tangu siku zile hatoki nyumbani bila kibirika. Amelazwa hospitali, kibirika kipo. Amekwenda msibani, kipo kwenye mkoba.

Lakini aliyekuwa na shida siku hiyo si yeye. Alikuwa kaka yangu, Chago.

Chago na Nereida wameishi pamoja zaidi ya miaka ishirini bila ndoa. Si kwamba hampendi. Anampenda mpaka anaudhi. Ila kaka yangu ni mtu wa "tutaona". Bomba linavuja, tutaona. Jino linamuuma, tutaona. Nereida alimuuliza habari ya ndoa mwaka wa kwanza, akaambiwa tutaona. Akauliza wa pili, tutaona. Halafu akanyamaza, na mimi nilijua kunyamaza kule si kuzuri. Juzi juzi dada yake anayeishi Orlando, ng'ambo, akampigia simu, njoo tuishi wote huku, na Nereida badala ya kumcheka kama siku zote akamjibu, "Nikishuka melini nitakwambia." Chago alikuwa mlangoni, akasikia. Kesho yake akanunua pete.

Pete yenyewe nzuri, siwezi kumsingizia. Kazi ikawa pa kuificha, maana Nereida anafunga mzigo, anaufungua, anaufunga upya, na kila soksi anaikunjua. Chago aliificha kwenye kiatu, mama huyo akaamua kuvipiga rangi viatu vyote. Akaihamishia kwenye boksi la vidonge vyake vya presha, mama akataka kuvihesabu. Mwisho akanivuta jikoni, jasho linamtoka.

"Dada, nimepata pa kuiweka."

"Wapi?"

"Ndani ya kibirika. Ameshakiosha, ameshakifuta, hakifungui tena mpaka tufike. Na kile hakiachwi nyuma, unajua mwenyewe."

"Halafu utaitoaje?"

"Tutaona."

Nilimchapa kofi la bega. Jamani, mtu anaweza kuzaliwa tumbo moja na wewe na bado usijue kichwa chake kimejazwa nini.

Tulipokuwa tukipanga sanduku la mwisho nikaona chini kabisa mfuko mweusi wa plastiki, umefungwa kwa utepe. Nikanyoosha mkono.

"Huo usiguse," akasema Nereida.

"Una nini?"

"Una vyangu."

Mfuko ule naujua. Tulipokimbilia shuleni usiku wa kimbunga, alikuwa ameulalia kama mto. Mimi nikidhani ni nguo zake za kuzikiwa, maana kwetu wapo wanaojiwekea mapema. Nikautoa mkono wangu taratibu.

Basi, tukavuka kwenda bandarini San Juan, tukakabidhi masanduku kwa wapagazi, tukapanda. Meli zile tumeziona zikiingia na kutoka tangu tukiwa watoto, lakini kuona na kupanda ni vitu viwili. Nereida alikuta kitanda kimetandikwa, taulo limekunjwa likawa bata, akalikunjua na kulikunja upya vizuri zaidi. Masanduku yakaletwa. Moja halikufika. Mhudumu akatuambia kwa adabu zote kwamba sanduku letu limezuiwa chini, chumba cha ukaguzi, kwa kuwa lina vitu visivyoruhusiwa melini, na wenyewe tunaombwa twende.

Loo! Chumba kile kilijaa watu wa kisiwani kwetu na aibu zao. Huyu na pasi, yule na sufuria ya umeme ya wali. Mzee mmoja alikuwa anaitetea feni yake, eti bila mngurumo wake hapati usingizi. Afisa wa ukaguzi, kijana wa Kifilipino, mpole, akafungua sanduku letu mezani. Akatoa jiko. Akatoa mishumaa. Akatoa panga, akaliangalia, akamwangalia Nereida.

"Mama, hili?"

"La miti," akajibu Nereida.

"Usimuulize zaidi, mwanangu," nikadakia. "Utakesha hapa."

Afisa akasema vitu hivyo vitahifadhiwa, tutarudishiwa safari ikiisha. Kibirika nacho akakiweka juu ya jiko, kwa kuwa vinakwenda pamoja. Nikamwona Chago amebadilika rangi. Nikangoja Nereida awashe moto, maana mwanamke huyu aliwahi kumfukuza mkaguzi wa shule kwa mwiko. Badala yake akaketi kwenye kiti, akashusha pumzi.

"Chukueni," akasema. "Chukueni vyote. Nimechoka kuwa tayari."

"Kibirika hakibaki!" Chago akapiga kelele.

Watu wakageuka. Hata mzee wa feni akaisahau feni yake.

"Chago, una nini? Kibirika tu."

"Si kibirika tu!"

"Tangu lini wewe ukagombania kitu?"

"Kuna nini ndani, baba?" akauliza afisa.

"Hakuna kitu!"

"Basi nikifungue nione."

"Usifungue!"

Kijana wa watu angefanya nini? Akakizungusha, kikafunguka, pete ikaruka, ikagonga pasi ya mtu, ikabingirika chini ya meza. Chago akaifuata kwa magoti, makalio juu, watu wanamsogezea miguu. Alipoibuka ameishika, alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele.

"Inuka, Chago, utaumiza magoti."

"Siinuki. Kufika huku chini kumenichukua miaka, acha nimalize kabisa. Nere, naomba nikuoe."

Nereida akamwangalia, na mimi nikaogopa kwelikweli. Niliiona Orlando yote machoni mwake.

"Yaani hapa ndipo ulipopaona?" akasema mwishowe. "Mbele ya pasi za watu?"

"Nilipanga iwe mezani, na muziki."

"Na nikikataa?"

"Tutaona," akasema kaka yangu, halafu akajiziba mdomo kwa mkono.

Mama yangu wee! Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko, afisa akageukia ukutani mabega yanamtikisika, na Nereida akacheka mpaka machozi. Lakini jibu hakutoa. Aliinuka, akaliendea sanduku, akasogeza makopo ya soseji moja moja, akatoa ule mfuko mweusi na kukata utepe kwa meno.

Lilikuwa gauni jeupe. La mtindo wa zamani, mabega makubwa, limekunjwa kwa karatasi laini lisipate alama.

"Nililinunua ule mwaka wa kwanza," akamwambia Chago. "Kila safari nalibeba. Nani ajue."

"Na kwenye kimbunga je?" nikamuuliza.

"Paa lingeondoka nalo, wifi."

Nililia pale kama nimefiwa, mimi niliyemcheka kwa mizigo yake maisha yote. Chago naye analia, bado amepiga magoti, sasa kwa kuwa hawezi kuinuka. Ikabidi afisa na mzee wa feni wamnyanyue.

Jioni, chumbani, nikamvalisha gauni lile kwa ajili ya chakula cha mavazi ya heshima. Mbele lilimkaa vizuri. Mgongoni likagoma kufunga, miaka si haba. Nikaanza kuhangaika, nafungua droo, natoka kugonga milango ya watu kuomba pini.

"Awilda, rudi hapa," akaniita. "Mfuko wa pembeni wa sanduku."

Pini zilikuwepo, boksi zima.